Namna ya Kumpelekea Mkaguzi Gari la Mbio Bila Kumtia Kiwewe

Unaishi Uingereza, una Mazda MX-5, na wikendi unalikimbiza kwenye uwanja wa mbio wa Brands Hatch mpaka breki zinanuka. Vizuri. Lakini gari hilo bado lina namba za barabarani, na likishatimiza miaka 3 lazima lipite ukaguzi wa MOT kila mwaka. Mkaguzi hatakuuliza umepunguza sekunde ngapi. Ana tochi, ana orodha, na orodha hiyo ni rafiki yako: anayeingia kona kwa kasi ana sababu kubwa kuliko jirani yake wa kwenda sokoni ya kutaka kujua kama gurudumu limeshikilia.

Weka miadi mapema. Unaweza kukaguliwa mwezi mmoja kasoro siku moja kabla cheti hakijaisha, na tarehe yako ya mwaka ujao ikabaki ileile. Cheti kikishakwisha, safari zako ni za kwenda kwenye ukaguzi wenye miadi au kwa fundi, basi.

Lioshe, hasa chini. Mkaguzi ana haki ya kulikataa gari lililojaa uchafu asioweza kupenya kwa macho. Bandua utepe uliofunika taa, rudisha kibao cha namba, shusha madebe ya petroli na masanduku ya spana. Ila kwenye tanki acha mafuta ya kutosha, maana injini itangurumishwa.

Sasa lala chini ya gari, maana MX-5 nyingi za vizazi viwili vya mwanzo hufia huku. Turubai la juu lina njia za kutolea maji nyuma ya viti. Zikizibwa na majani, maji huingia kwenye vizingiti vya milango na kula bati kutoka ndani, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Siku utakayoona rangi imevimba kwa nje, ndani kumebaki unga. Usizibe kwa puti na kupaka rangi nyeusi ya siku mbili. Mkaguzi hugonga na kusikiliza. Kutu iliyolegeza bati ndani ya sentimita 30 za pale mkanda au sospensheni ilipofungwa hulifelisha gari, na dawa yake ni kuchomelea bati jipya. Namuunga mkono kabisa, kwa sababu siku ukigonga ukuta wa matairi, bati hilo ndilo litakalokushika kifuani. Zibua njia hizo za maji kila msimu wa majani kupukutika, ukaguzi uwepo usiwepo.

Tairi zina mtego wake. Sheria inataka kashata ya milimita 1.6 kwenye robo tatu za katikati ya upana wa tairi, kuzunguka tairi lote. Aliyelaza magurudumu yake ili yashike kona hula ukingo wa ndani, usioonekana ukiwa umesimama. Geuza usukani hadi mwisho, pitisha mkono. Ukigusa nyuzi, hilo ni kosa la hatari, na gari halipaswi kuondoka pale likiendeshwa.

Moshi nao. Kama gari lilitoka kiwandani na kataliti, yale masega yaliyo ndani ya bomba la moshi, lazima iwepo, hata kama bomba lako tupu linaimba vizuri. Na iwe ya moto: kataliti baridi haisafishi kitu. Liendeshe dakika ishirini hivi kwenye barabara kuu, ufike moja kwa moja, usilizime na kuanza kunywa chai.

Viti vya mbio na usukani mdogo wa ngozi vinapendeza, lakini mfuko wa hewa uliokuja na gari ukikosekana, au taa yake ikiwaka kwenye dashibodi, umefeli. Rudisha usukani wa zamani na umsaidie mkaguzi kukuamini. Pedi za breki zisipungue milimita 1.5. Zile za mashindano huuma zikipata joto, kwa hiyo zipashe moto njiani kabla ya kupandishwa kwenye roli za kupimia.

Ada haizidi pauni 54.85. Likifeli, liache hapohapo gereji litengenezwe. Likirudiwa ndani ya siku 10 za kazi, hulipi tena ada ya ukaguzi.

Likifaulu, usiikunje ile karatasi ya maonyo. Historia ya MOT inasomeka na yeyote mwenye namba ya gari lako, mnunuzi wako wa kesho akiwemo. Lakini isome wewe kwanza, kabla hujalipia siku nyingine ya uwanjani: ikiandikwa kwamba beringi ya nyuma kulia ina mchezo kidogo, hiyo ni kazi ya wiki hii.