Uhalisi Chini ya Kifuniko

MGB, gari dogo la wazi lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1962, lilitoka kiwandani na betri mbili za volti 6 zilizounganishwa kwa mfululizo, na bodi iliyofungwa kwenye ncha chanya, utaratibu uliodumu hadi 1967 na ambao, kwa anayefunga redio ya kisasa bila kuuliza, huleta moshi kabla ya muziki. Mwenye kulifufua gari hilo huapa kutogusa uhalisi wake hata kwa skrubu moja. Taa zikififia huwalaumu wahandisi waliokwisha kufariki, ingawa mara nyingi kosa liko pale waya wa kurudishia umeme unapofungwa kwenye bodi, ambapo rangi mpya ya gharama, aliyoisimamia mwenyewe, imeuzibia umeme njia.

Ndipo huja zamu ya platini, yaani jozi ya vituo vya chuma vinavyogusana na kuachana ndani ya distribyuta, ili kila vinapoachana koili irushe maelfu ya volti kwenye plagi. Nafasi kati yake, takriban milimita 0.38, hubadilika kadiri kisigino cha platini kinavyolika, na hivyo hudai kupimwa tena na tena. Baada ya Jumapili kadhaa za kuinama, mtetezi wa uhalisi huagiza kihisi cha sumaku kisicholika, hukificha chini ya kifuniko kilekile cheusi cha distribyuta, kisha kwenye maonyesho huwaeleza vijana kwamba kizazi chao hakina subira, huku kiwiko chake kikimzuia yeyote anayetaka kukifungua.