Mchungaji Fundi Aondolewe Kwenye Mitambo

Kanisa la huku mteremkoni mwa Mlima Kenya, Kianjokoma na vijiji vya jirani, likibahatika kupata mchungaji anayejua kompyuta, halikawii kumpangia kazi: anapelekwa kwenye mitambo. Anakuwa mhubiri na fundi wa spika kwa mshahara mmoja. Mikrofoni ikipiga mluzi katikati ya maombi, shingo zote zinamgeukia yeye. Projekta ikigoma, wimbo unakwama ubeti wa pili, na wazee walioukariri tangu utotoni wanasimama kimya wakisubiri ukuta uwakumbushe. Mbaya zaidi ni pale kompyuta ya mzee fulani inapoazimwa kwa ajili ya mahubiri, kisha ujumbe wa kampuni ya kamari unajitokeza juu ya Zaburi, na kanisa zima linasoma kwamba mkeka wa mzee umechanika kwa timu moja tu. Ni vichekesho, sawa, lakini kumweka mchungaji wa aina hii hapo ni kumpoteza. Kuchomeka waya ni kazi ya kijana yeyote wa kidato cha tatu. Yeye anatakiwa kwenye huduma ya familia, kwa sababu siku hizi ugomvi wa nyumbani huanzia kwenye simu, na anayeamua ugomvi asiouelewa huishia kuwaambia watu wakasameheane tu.

Tuanze na pesa. Kabla ya M-Pesa kuzinduliwa Machi 2007, mume aliyetaka kuficha noti alikuwa na soksi na mfuko wa ndani wa koti la Jumapili, na mkewe alijua pote pawili. Sasa kila shilingi inatembea na ushahidi wake: jina, kiasi, tarehe, saa na salio. Mtu akilipia mbolea kwa simu, jina linalotokea huenda lisiwe la duka bali la binti anayeuza dukani, na kikao cha usiku huo si cha mbolea tena. Kianjokoma ni nchi ya chai, kwa hiyo msimu wa maswali mazito unajulikana, nao ni bonasi ya mwezi wa kumi. Mama ameamka na ukungu mwaka mzima, kikapu mgongoni, akichuma majani mawili na chipukizi. Namba ya mkulima ni ya baba, na ujumbe wa pesa unaingia kwa baba. Mchungaji wa kawaida atafungua Waefeso. Huyu wetu atafungua Waefeso pia, kisha ataomba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, ile inayokuja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa nywila, waisome wote watatu. Nadhani toba huja haraka zaidi ikiwa na tarehe.

Halafu kuna mikopo. Fuliza ilikuja Januari 2019, na inafanya kazi kwa adabu ya kutisha: ukilipa ukiwa na salio pungufu, inakujazia, kisha inajikatia yenyewe kwenye pesa yoyote itakayoingia. Sasa fikiria mzee aliyetuma sadaka ya shilingi mia tano kwa namba ya kanisa akiwa na shilingi arobaini. Jumapili ameshangiliwa na dhamiri yake. Jumatatu mkewe, aliye sokoni, anamtumia mia tano za unga, nazo karibu zote zinamezwa kabla hajashika kofia. Mke anauliza unga uko wapi. Mume, kwa ukweli mtupu, anajibu kwamba ameutoa kwa Bwana. Ndoa hiyo haihitaji mahubiri juu ya uaminifu, maana hakuna aliyedanganya. Inahitaji mtu wa kueleza kwa lugha nyepesi ni nani amekata nini na kwa nini, na pengine kuishauri kamati ya fedha ya kanisa isisifu sana sadaka za simu kabla ya kujua zimetoka kwenye mfuko gani. Programu za mikopo ya haraka nazo zilikuwa na mtindo wa kupigia watu walio kwenye orodha ya namba za mdaiwa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zilikataza hilo, lakini zilikuta madeni ya mashemasi wengi yameshafika kwenye simu za wachungaji wao.

WhatsApp sitaimaliza. Tangu 2017 mtu anaweza kufuta ujumbe kwa wote, lakini kitufe cha kuufuta kwako peke yako kiko jirani kabisa, na mwenye mikono inayotetemeka hubonyeza hicho. Maneno juu ya mama mkwe, yaliyokusudiwa dada mtu, yanatua kwenye kikundi cha ukoo. Mwandishi anayafuta kwake, anapumua, anakwenda kulala akiamini yameisha. Watu themanini wanaendelea kuyasoma, mama mkwe akiwa miongoni mwao, naye ameshaomba mjukuu amwongezee ukubwa wa herufi.

Wapo watakaosema kasisi hakuwekewa mikono ili akachunguze simu. Nawakumbusha kwamba misheni ya Kigari, papa hapa Embu, ilifunguliwa na shirika la wamisionari la CMS mwaka 1910 chini ya daktari, T. W. W. Crawford, na sijasikia kwamba dawa ilipunguza Injili. Paulo mwenyewe alishona mahema. Hoja yenye uzito ni nyingine: mchungaji anayeweza kuingia kwenye simu za watu anaweza kugeuka mpelelezi. Ni kweli, na ndiyo maana heri awe anayejua. Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa mwaka 2019, lakini vikundi vya maombi bado hutangaza kwamba tumwombee mama fulani, mumewe amehama, huku mume mwenyewe akiwa mwanakikundi. Asiyejua teknolojia huona hapo ni upendo tu. Anayejua huona skrinshoti ikishuka hadi Embu mjini kabla ya adhuhuri, na anafunga kikundi.

Wengine watasema wazee wataachwa nyuma. Lakini wazee nao wameshafikiwa na simu, tuliona mwaka 2020, wakati wa korona: makanisa yalifungwa Machi, na yalipofunguliwa Julai, ibada iliruhusiwa watu mia moja kwa saa moja, wenye miaka chini ya 13 na zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Shosho na wajukuu walibaki na simu moja na bando la kubahatisha, na mtoto wa darasa la nne akawa ndiye shemasi. Siku hizo simu iliziba pengo kwa kukaa katikati ya familia, na ikafungua pengo jingine.

Wazee wa kanisa wananiuliza basi mikrofoni nani atashika. Vijana wa kwaya. Watacheza, wanasema. Wacheze, Jumapili mbili mluzi utakuwa mrefu kidogo, na ubeti wa tatu utatangulia wa pili. Mchungaji atakuwa ofisini na mume na mke, simu mbili juu ya meza, skrini zimeelekea juu, akiwaeleza Fuliza.