Natafuta Haditeli

"Natafuta haditeli," nilimwambia mke wangu usiku mmoja, simu mkononi, macho kwenye picha za baiskeli.

Alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama. "Hoteli? Hoteli ya nini na wewe una nyumba?"

Nikamweleza kwamba haditeli ni baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele tu. Nyuma hakuna kitu, fremu imeshuka kavu mpaka kwenye ekseli. Akaniangalia kama anayekagua chenji ya sokoni. "Kwa hiyo unatafuta baiskeli iliyopungua." Akarudi kwenye mchele wake. Tangu usiku huo baiskeli zote nyumbani kwetu, nzima na mbovu, zinaitwa hoteli, na watoto wameshazoea.

Ajabu ni kwamba usiku ule nilikuwa najua kabisa ninachotaka. Kilichonipata Kariakoo siku tatu baadaye ndicho ambacho mpaka leo sikielezi mbele za watu.

Chanzo ni mdomo. Ofisini kwetu wako watu watano ambao Jumapili alfajiri hupanda baiskeli mpaka Pugu, wanaingia kwenye njia za msitu wa Pugu Kazimzumbwi, wanatokea Kisarawe, wanakunywa supu, wanarudi. Hilo lisingenisumbua. Shida ni Jumatatu, maana Jumatatu wanasimulia. Siku moja uvumilivu ukaniishia, nikasema: "Mimi baiskeli nimezaliwa nayo." Kweli yake ilikuwa ndogo: marehemu baba alikuwa na Foniksi, nami nilijifunza kuiendesha mguu ukipita ndani ya fremu, kwa kuwa bomba la juu lilikuwa linanifika kidevuni. Tena mimi naishi Gongo la Mboto. Wenzangu wanatoka Tabata na Mbezi kuja Pugu, mimi Pugu ni jirani. Kisingizio kikakosekana.

Fedha nazo zikapatikana kwa wakati mbaya. Zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana fedha ilifika, nikapokea shilingi 400,000. Mke wangu akachukua 50,000 ya jikoni kabla sijakaa, zikabaki 350,000. Kwa baiskeli ya mlimani hizo ni fedha za aina yake: haziwezi kununua kizuri kipya, lakini zinatosha kabisa kununua kibaya kipya.

Winga wa Kariakoo hana duka. Ana miguu, ana mdomo, ana namba za simu za wenye maduka, na anaishi kwa cha juu. Sikuwa nimemaliza kushuka kwenye daladala, kijana akawa ameshanishika mkono. "Bosi, baiskeli? Usitembee juani, kaa hapa."

Akaniletea moja nyekundu na nyeusi. Katikati ya fremu ilikuwa na springi nene kama ya bodaboda. Diski mbele, diski nyuma. "Gia 21, bosi. Kama lori!" Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma mwezi mzima, kwamba mimi natafuta yenye shokapu ya mbele tu.

Akacheka kwa heshima. "Bosi wangu, hiyo unayoitaka ni nusu ya hii. Kwa nini ununue nusu wakati nzima ipo?"

Hoja ilikuwa ileile ya mke wangu, ila sasa ilitoka kwa mtu aliyeniita bosi. Alianzia 380,000, tukapatana 280,000. Hata kuipanda sikuipanda. Niliibonyeza springi kwa kiganja, ikashuka, ikarudi, nikaridhika kama anayenunua godoro.

Jumapili ya kwanza nikaelewa springi ile ilikuwa inafanya kazi gani. Ukitoka Gongo la Mboto kwenda Pugu, barabara inapanda taratibu, kupanda kule ambako ukiwa ndani ya gari hukuoni. Kila nilipokanyaga pedali, springi iliitika kwanza, inazama, inainuka, ndipo gurudumu la nyuma lipate habari. Mimi juu, mimi chini, kama anayetwanga, na lami haisogei. Mama mmoja mwenye beseni la maandazi kichwani alinipita, akanipa pole. Akasimama mbele kumuuzia mtu. Nikampita. Akanipita tena, akanipa pole ya pili.

Wenzangu walikuwa wananisubiri chini ya mti kule Pugu. Mmoja akajaribu kuinyanyua baiskeli yangu kwa mkono mmoja, akaongeza wa pili. "Hii injini umeifunga wapi?"

Nilitaka kujua kweli ina uzito gani. Mtaani kwetu mizani kubwa iko kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikaisukuma mpaka kwake, nikamwomba anipimie. Akaitundika, akasoma kwa makini. "Kilo 19, kaka. Kwa 700 ni shilingi 13,300. Nikupe taslimu?" Nilipomwambia siuzi, alinionea huruma kuliko yule mama wa maandazi.

Wiki ya tatu, gurudumu la nyuma likaanza kuyumba kama mlevi anayetafuta mlango. Nikaipeleka kwa fundi wetu, mzee anayefanyia kazi chini ya mkungu, karibu na gereji. Nikampa shikamoo yake, akaipokea bila kuinua kichwa. Akafungua gurudumu, akachomoa ekseli, akailaza juu ya kipande cha kioo na kuisukuma kwa kidole. Ilitakiwa ibingirike. Hii ilibingirika nusu, ikasimama, ikajikuna, ikarudi.

"Imepinda, mwanangu. Una kilo ngapi?"

"Themanini na nane."

"Basi si kosa lako peke yako." Akanionyesha. Friwili ile ilikuwa ya kukazwa kama kifuniko cha chupa, na kwa kuwa ina gia saba imekuwa nene, ikailazimisha beringi ya kulia ikae ndani kabisa. Kipande kirefu cha ekseli kikabaki upande wa nje bila cha kukishikilia. Ukishuka kwenye shimo, uzito wote unaning'inia hapo. Wenye kiwanda walikuwa na fedha ya kutia chumvi mahali pamoja tu, nao wakaitia kwenye kinachoonekana: springi nyekundu. Beringi, rimu, spoku na ekseli vikalipia.

"Nyuma unataka springi ya nini?" mzee akauliza. "Mungu alishakupa. Una magoti, una makalio. Pesa ikiwa ndogo iweke mbele, mikono haina nyama."

Mwezi mzima nimesoma makala za watu wa Ulaya na Marekani zenye michoro na majedwali, na hakuna iliyonieleza haditeli hivyo.

Ekseli na beringi vikala 15,000. Kijana mmoja wa bodaboda aliipenda ile baiskeli kwa sura, nikamwambia ukweli wote kuhusu springi, akasema kwao hakuna mlima. Akanipa 170,000. Nikapiga hesabu mara mbili: mkononi nina 225,000. Hesabu hiyo mke wangu hakuiona, na kwa sasa naomba ibaki kati yangu na msomaji.

Mzee alikubali kunisindikiza kwenye yadi ya baiskeli za mtumba kutoka Japani, kwa sharti moja: mimi nisiongee. Tukakuta mamia ya baiskeli zimelaliana, usukani wa hii umeingia kwenye spoku za ile. Mzee alikuwa na sumaku mfukoni, ya spika mbovu, akawa anapita akiigusisha kwenye fremu. Ikinata, anaendelea na safari. Mahali pamoja haikunata. Akainama.

Ilikuwa ya kijivu, imechubuka kama mbuzi mwenye ukurutu. Tairi za inchi 26, wakati wenzangu wote wanapanda 29. Breki za mipira, hakuna cha diski. Nikafungua mdomo, mzee akanitazama, nikaufunga.

Kwanza aliniamuru nisimame katikati ya baiskeli, miguu yote chini. Kati ya bomba la juu na mimi pakabaki vidole vinne. Akaitikia kwa kichwa. Hapo nikiri kwamba dakika kumi kabla, mzee akiwa upande wa pili wa yadi, nilijaribu kwa siri moja ya bluu, nzuri mno, yenye fremu ya mtu mrefu, na niliposhuka kwenye kiti pakawa hapana hata kidole kimoja. Muuzaji aliniletea ndoo nikae. Sitalizungumzia zaidi.

Kisha akabana breki ya mbele, akaisukuma ile ya kijivu mbele na nyuma, sikio amelielekeza kwenye shokapu kama daktari. Haikugonga. Akapitisha ukucha kwenye nguzo mbili za shokapu, juu mpaka chini, polepole, akitafuta kutu. Maana kutu pale, alisema, inakwangua mpira wa kuzuia vumbi, vumbi likishaingia humo ndani, ndoa imekwisha. Akalalia usukani kwa uzito wake wote. Shokapu ikazama, ikainuka bila papara. Akazungusha gurudumu la nyuma, akahesabu gia: nane, tena kaseti, si friwili ya kifuniko cha chupa. "Hii beringi zake zimekaa pembeni kabisa. Kilo zako themanini zitapita salama."

"Themanini na nane," nikasema.

"Nimekwambia usiongee."

Ikauzwa 180,000. Muuzaji alitushangaa, akasema ipo nyingine inayong'aa kwa bei hiyohiyo. Mipira ya breki, waya na tyubu mbili vikachukua 25,000, mzee akapokea 5,000 yake, na 15,000 iliyobaki nikanunulia helmeti ya mtumba. Kwenye fremu chini ya kiti kulikuwa na stika ndogo ya maandishi ya Kijapani, zile ambazo kule hubandikwa kusajili baiskeli dhidi ya wizi. Binti yangu alishikilia kwamba ni jina la mwenyewe na siku moja atakuja kuifuata.

Nayo niliipeleka kwa mnunuzi wa chakavu. Kilo 14. Akaigonga kwa ukucha, akaisikiliza, macho yakamtoka. "Kaka, hii ni alumini! Hii nakupa bei ya maana." Katika watu wote wa mtaa ule, ni yeye peke yake aliyeona nimenunua kitu.

Mzee alipokuwa anaipaka grisi nilimsimulia nilichokisoma: kwamba mchezo huu ulishika moto California, kaunti ya Marin, miaka ya 1970, kwa vijana waliochukua baiskeli nzito za kizamani na kushuka nazo mlima Tamalpais. Shokapu hawakuwa nayo ya mbele wala ya nyuma. Ya mbele ilikuja kushika soko baada ya RockShox kutoa yao mwaka 1989. Breki zao zilikuwa za kurudisha pedali nyuma, na mteremko mmoja wa kaunti hiyo ulikuwa mkali kiasi kwamba breki zilipata moto, grisi ikageuka moshi, na kila wakifika chini ilibidi wafungue habu na kuipakia grisi upya. Ndiyo maana mbio zao za 1976 pale zikaitwa Repack.

Mzee aliacha kazi, akafikiri kwa muda mrefu.

"Walikuwa wanatumia grisi gani?"

Nikasubiri Jumapili. Ikaja na mvua, ilikuwa Aprili. Kupanda mpaka Pugu sikuamini: nakanyaga, inakwenda. Nakanyaga tena, inakwenda tena. Mama wa maandazi nilimpita, nikampungia mkono, akaniitikia bila pole yoyote. Msituni, kwenye mizizi na makorongo, nikafanya nilivyoelekezwa: makalio hewani, magoti yamelegea, mikono imeachia shokapu ifanye kazi. Gurudumu la mbele lilikuwa linameza mizizi. Nilimpita mwenzangu mmoja mwenye baiskeli ambayo bei yake haitajwi mbele ya mkewe, nikasikia akisema "Ee!" Hiyo "Ee!" ilinitosha kwa Jumatatu tatu.

Ila tairi sikuwa nimezibadilisha. Zilikuja na baiskeli kutoka Japani, meno yamekwisha, na bajeti nayo ilikuwa imekwisha. Vilima vya Pugu vina kaolini, ule udongo mweupe, na ukilowa unakuwa uji wa mtoto. Nilifika kwenye kona yenye uji huo nikiwa bado naisikiliza ile "Ee!" Gurudumu la mbele likaenda kushoto, mimi nikaenda nilikokuwa nakwenda. Sikuanguka kwa kishindo. Nilikalia tope, nikateleza taratibu, nikiwa nimekaa wima na helmeti yangu kichwani, nikawapita wenzangu wawili waliokuwa wamesimama kupumzika. Mmoja alinisalimia.

Nilirudi nyumbani mchana, mweupe kuanzia kisigino hadi nyusi, baiskeli nzima, mimi nachechemea. Watoto walikimbilia ndani kumwita mama yao. Akatoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akanitazama juu mpaka chini, akaitazama na baiskeli.

"Huko hotelini kwenu," akauliza, "hakuna maji?"