Orijino, Orijino Yenyewe na Orijino Kabisa

Simu yako ikianza kuzima ikiwa na asilimia 40, hapa Hasamba, mkoani Songwe, una uhuru mkubwa wa kuchagua. Fundi wa kwanza ana betri orijino. Wa pili anayo orijino yenyewe. Yule wa Vwawa mjini anayo orijino kabisa, na bei imepanda kwa ajili ya hilo "kabisa". Ukiona bado huridhiki, panda gari hadi Tunduma, uvuke hadi Nakonde. Upande wa Zambia saa ziko nyuma kwa saa moja, kwa hiyo ukirudi nayo nyumbani hata betri mbovu itaonekana imedumu.

Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilizima simu bandia nchi nzima kwa kuzitambua kupitia namba za IMEI. Betri haina IMEI. Basi yenyewe ikasalimika, ikabandikwa mAh 6,000 na kuendelea na maisha. Ukiishika ni nyepesi kama biskuti, lakini lebo haina haya.

Waranti nayo ipo, inaishia mlangoni. Ukirudi na betri iliyovimba hadi kuinua kioo, utasikia: "Shangazi, utakuwa unachaji usiku." Na mchana umeme ulikuwa umekatika.

Mtafute fundi anayekubali kuifungua simu mbele yako na kukuandikia risiti yenye tarehe. Akisitasita, mwachie orijino yake. Na ile iliyovimba usiitoboe wala usiitupe motoni: betri ya lithiamu huwaka kweli, hata ikiwa feki.