Chupa Iliyopasuka Asubuhi ya Koito

Wageni wa koito, yaani mazungumzo ya posa ya dada yangu, walitarajiwa saa nne asubuhi. Ilipofika saa moja, chupa ya chai ya mama ilikuwa imekwisha kupasuka mikononi mwangu.

Ilikuwa chupa nyekundu ya lita mbili. Kogo, mama yake mama, aliinunua kule Litein kwa bonasi yake ya majani chai, mwaka ule mama alipoolewa akateremka huku Soin. Kwao ni kwenye baridi na mashamba ya chai. Kwetu ni miwa, mahindi na jua. Kwa hiyo chupa ile ilikuwa kipande cha nyumbani kwake. Ilikaa kabatini, ikatoka kwa wageni tu, na kila mara mama aliisuuza kwanza kwa maji ya vuguvugu, akayamwaga, ndipo akatia chai. Nilidhani ni desturi yake tu. Asubuhi ile, kwa haraka ya kazi, niliisuuza kwa maji ya tangi yaliyolala nje usiku kucha, kisha nikamimina chai iliyokuwa ikitokota.

Pwaa! Nje haikuonekana hata alama. Lakini nilipoitikisa, ililia kama kayamba. Mpwa wangu wa miaka minne alikuwa tayari amenyoosha kikombe chake, na mama aliruka akamvuta mkono. Chai yote ikamwagwa nyuma ya nyumba, na vigae vyembamba vikametameta kwenye majani ya migomba.

Mama hakunigombeza. Aliipangusa chupa kwa kanga yake, akairudisha kabatini ikiwa tupu. Kimya chake kilinichoma kuliko maneno.

Sasa tufanye nini? Maziwa tuliongezewa na jirani, na chai nyingine ikapikwa kufika saa mbili. Lakini mafiga yote yalitakiwa kwa nyama na wali, na mgeni wa koito hangojeshwi chai: akishaketi, kikombe kiwe mkononi. Halafu simu ikalia. Gari la wageni lilikuwa limekwama kwenye tope huko juu. Wangechelewa.

Kogo, aliyekuwa ameketi mlangoni akipangusa sotet, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, alisema, "Leteni kapu kubwa."

Akalijaza maganda makavu ya mahindi, akafanya kiota katikati, akatandika blanketi. Sufuria ya chai ikashushwa humo na kifuniko chake kimebanwa, blanketi la pili likafunika, na maganda mengine yakashindiliwa juu. "Asifunue mtu," alisema.

Wageni waliingia saa sita mchana. Kogo mwenyewe alifunua kapu, na mvuke ukapanda hadi usoni pake. Tuliwapa chai ya moto, kisha mursik, na mazungumzo ya wazee yakaanza vizuri. Dada yangu aliposikia sauti zao zikitulia, alinishika mkono jikoni, akaubana.

Jioni Kogo aliomba aone vile vigae. Alikigeuza kimoja penye taa. Kiling'aa kama kioo cha kujitazamia. Akaniuliza, "Hiki chombo mnakiitaje?"

"Themosi, Kogo."

"Maana yake nini?"

Nilimweleza nilichokijua, na nikaona kwamba sijawahi kumweleza mtu jambo nikalielewa hivyo. Neno lenyewe limetoka Ugiriki: *thermos*, yaani chenye joto. Wagiriki wana mahali panapoitwa Thermopylae, Malango ya Moto, kwa sababu ya chemchemi zake za maji moto. Waingereza walilichukua neno hilo wakaliunganisha na mengine. Kiswahili nacho kiliyafasiri mengi kwa maneno yake chenyewe: ndiyo maana tuna kipimajoto, na umeme unaofuliwa Olkaria kwa mvuke wa chini ya ardhi tunauita wa jotoardhi.

Lakini chupa yenyewe ilianzia kwenye baridi. Mwaka 1892 mwanasayansi Mskoti, James Dewar, alitaka kuhifadhi gesi zilizopozwa mpaka zikawa kimiminika. Alitengeneza chombo cha kuta mbili za kioo, akatoa karibu hewa yote katikati yake. Joto hupita kwa kugusana kwa vitu, huchukuliwa na hewa inayozunguka, au huruka kama mwanga. Pasipo hewa, njia mbili za kwanza zinafungwa. Ule mng'ao wa fedha kwenye kioo huirudisha ya tatu. Dewar hakuchukua hataza. Mafundi wa vioo wa Kijerumani, Reinhold Burger na mwenzake Albert Aschenbrenner, waliona kwamba kinachozuia joto lisiingie kitazuia pia lisitoke. Mwaka 1904 chombo chao kikapewa jina Thermos. Jina likaenea mno hata mwaka 1963 mahakama ya Marekani ikaamua kwamba limekwisha kuwa neno la watu wote.

"Kwa hiyo katikati hamna kitu," Kogo alisema.

"Hamna, Kogo."

"Na kwenye maganda yangu mna hewa, lakini imekamatwa, haiendi popote."

Ndivyo hasa. Na hapo nikaelewa kosa langu la asubuhi: kioo baridi kilipopata chai ya moto kwa ghafla, upande wa ndani ulitanuka kabla ya kioo chote kupata nafasi ya kuufuata. Maji ya vuguvugu ya mama yalikuwa yanakipasha kioo habari kwamba joto linakuja.

Kogo alikaa kimya kidogo. "Chenye joto," alirudia. "Basi hilo neno tunalo." Kwa Kikipsigis, nyanda za juu zenye baridi ni mosop, na nchi ya chini yenye joto ni soi. "Nilimpa binti yangu chombo cha joto aje nacho kwenye nchi ya joto. Jina la chombo hicho lilikuwa linakingoja huku Soin."

Mama, aliyekuwa akisikiliza karibu na kabati, alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Kioo kipya cha ndani tulikipata sokoni wiki iliyofuata, kikaingia barabara ndani ya lile ganda jekundu. Mimi ndiye ninayeisuuza sasa, kwa maji ya vuguvugu, polepole. Na nyumbani kwetu hakuna tena anayesema themosi. Mgeni akibisha hodi, mama huita kutoka barazani, "Leteni Soin."