Jinsi ya Kutajirika kwa Kware: Mwongozo kwa Aliyechelewa

Sharti la kwanza la biashara ya kware ni kuisikia kwa mtu ambaye tayari ana kware wa kukuuzia. Usiisikie kwa mlaji. Mlaji atakuharibia, maana ataanza kukueleza habari za ladha, na ladha haina nafasi katika shughuli hii. Mtafute mwenye vizimba. Utamjua kwa anavyonong'ona: mambo mazuri kama haya, atakwambia, hayatangazwi ovyo. Kisha atakupa kipeperushi.

Hatua zilizomo humu zilifanyiwa majaribio nchini Kenya, hasa kati ya mwaka 2013 na 2014, tena na watu wenye akili zao timamu: walimu, wahasibu, manesi, wachungaji, vyama vya akina mama. Wengine walifuga uani, wengine kwenye roshani za nyumba za kupanga huku mwenye nyumba akidanganywa kwamba wale ni njiwa wa mtoto. Matokeo yanajulikana, kwa hiyo usiogope kwamba unaparamia jambo geni.

Anza na dawa. Yai la kware lina gramu kama kumi hivi, na yai moja la kuku ni sawa na matano ya kware au zaidi. Hakuna atakayelipa shilingi 100 kwa kitu hicho ukikiita chakula, na bei hiyo kuna walioifikia kweli enzi zile za neema. Basi usikiite chakula. Kiite tiba. Sema kinatibu kisukari, shinikizo la damu, pumu na vidonda vya tumbo. Ukiona msikilizaji ni mwanamume aliyevuka arobaini, shusha sauti uongeze moja. Kuna waliofika hadi Ukimwi bila kupepesa macho. Na lazima linywewe bichi, asubuhi kabla ya chai, kwa idadi maalumu na kwa siku maalumu, kwa sababu dawa isiyo na ratiba haiaminiki. Mtu akitaja salmonela, mwambie kware ni ndege safi. Akitaja kolesteroli, ambayo kusema kweli imejaa tele humo ndani, muulize watoto wanaendeleaje na shule.

Usiwaze kwamba watu hawataamini. Miaka miwili tu kabla ya hapo, mwaka 2011, maelfu kwa maelfu kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki walikuwa wamefunga safari hadi kijiji cha Samunge, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapila, Babu wa Loliondo. Babu alitoza shilingi 500 za Tanzania kwa kikombe. Ukimlinganisha na wauza kware, mzee yule alikuwa mtu wa haya.

Baada ya dawa, hesabu. Hesabu hufanyika Jumamosi, kwenye ukumbi wa hoteli, baada ya chai na maandazi ambayo ada yako ya semina imeshayalipia. Mtoa mada anavua koti. Anaandika ubaoni: majike 100. Kwa siku, mayai 80, kwa kuwa yeye si mwongo na hataki kukwambia wote watataga. Kila yai shilingi 100. Jumla elfu nane kwa siku, laki mbili na arobaini elfu kwa mwezi. Ukumbi unanyamaza. Nyuma kabisa anasikika mtu akibonyeza simu kuhakikisha kwamba themanini mara mia bado ni elfu nane. Ni elfu nane. Mama mmoja tayari anaandika barua ya kuomba mkopo wa sako nyuma ya ratiba ya semina.

Hapo patatokea mkorofi atakayeuliza kuhusu chakula. Jibu lake liko tayari: kware hula gramu ishirini na kitu kwa siku, kiasi cha kinachodondoka mezani kwako. Huo ni ukweli mtupu. Ishie hapo. Usiendelee mpaka ufike kwenye kware 1,000, ambao humaliza gunia la kilo 70 kwa siku tatu na hawajui kwamba leo ni mwisho wa mwezi.

Kuna hesabu nyingine ambayo haifanywi ukumbini, nami naiweka hapa kwa sababu ndiyo biashara yenyewe. Yai la kware huanguliwa kwa siku 17 au 18. Kifaranga akifika wiki sita au saba anataga, na mwaka mzima jike mmoja aweza kutaga mayai karibu 300. Chukua wale majike 100 wa ubaoni. Tia mashineni mayai yao ya mwezi mmoja, 2,400. Tufanye nusu yanaharibika au vifaranga wanakufa, na wanaobaki nusu ni madume. Bado una majike 600 wapya, ndani ya miezi mitatu. Nao wakifanya vivyo hivyo, miezi sita 3,600, miezi tisa 21,600, na mwaka ukifika una majike 129,600 waliotokana na mfugaji mmoja. Sasa jaza ukumbi.

Utauliza: kama ndege huyu anaongezeka hivyo, mbona bei ilipanda? Ilipanda kwa sababu karibu kila yai lililouzwa halikwenda sufuriani wala tumboni. Lilikwenda kwenye mashine ya kuangulia ya mtu mwingine aliyetoka semina wiki iliyopita. Mfugaji alimuuzia mfugaji, naye akamuuzia anayetaka kuwa mfugaji. Yai lenye mbegu lilikuwa na bei yake, kifaranga bei yake, jike anayekaribia kutaga bei yake, kizimba bei yake, mashine bei yake, na semina yenyewe tiketi yake. Mtanzania aliyepanda mbegu, yaani fedha zake, katika upatu wa DECI kabla ya serikali kuukomesha mwaka 2009 angeitambua sura hii mara moja. Tofauti ni kwamba mbegu ya DECI haikuhitaji kubadilishiwa maji. Hapa Kenya kila aliyeulizwa soko liko wapi alijibu kwa unyoofu kabisa kwamba soko lipo, mayai yanagombaniwa. Yalikuwa yanagombaniwa. Huko Japani na China, wanakofuga kware kwa mamilioni, kuna watu ambao huyachemsha mayai hayo na kuyala, kisha kesho wanataka mengine. Unyonge huo sisi hatukuuhitaji.

Wazee wa Siaya na Busia wangeweza kutueleza, kama kuna aliyewauliza. Wao wana kware wao wa porini, aluru kwa Waluo, isindu kwa Waluhya, na ustadi wao wa kuwanasa ni wa tangu zamani. Kware mmoja huwekwa ndani ya kikapu, kikapu kikaning'inizwa juu ya mti mrefu uliosimikwa shambani. Alfajiri anaimba. Wenzake wanaopita wanamsikia, wanaona kumbe hapa pana usalama na chakula, wanashuka. Chini mitego imeshapangwa. Ushauri wangu ni huu: kama huwezi kuwa mwenye mti, jitahidi uwe yule wa kikapuni. Angalau analishwa.

Usisahau leseni. Kisheria kware alihesabiwa ndege wa porini, kwa hiyo ruhusa ya kumfuga ilitoka kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hao hao wanaolinda ndovu wa Tsavo. Wengi waligundua jambo hili wakiwa tayari na kware mia tatu jikoni. Lichukulie kuwa heshima. Leseni ikitoka, itie kwenye fremu uitundike sebuleni. Itakuwa ndiyo mali ya biashara hii isiyopungua thamani.

Kuhusu ufugaji wenyewe sitasema mengi, maana ndiyo sehemu pekee ambayo watu walijifunza sawasawa. Kifaranga akitoka yaini hazidi ncha ya kidole gumba, na ana kipaji cha kufa maji kwenye kifuniko cha chupa. Ndiyo maana ukienda kwa mfugaji wa kware aliyehitimu utakuta gololi za watoto zimepangwa ndani ya vyombo vya maji, ili vifaranga wanywe katikati ya gololi bila kuzama, na mtoto wa nyumba hiyo analia nje kwa sababu gololi ni zake. Mkubwa naye ukimshtua haruki kama kuku, anafyatuka wima mpaka kichwa kigonge paa la kizimba. Yule wa kufugwa amesahau kabisa kuatamia: anataga, kwa kawaida jioni jioni, kisha anaondoka zake kama mtu aliyesahau mwavuli kwenye matatu. Kwa hiyo mashine ni lazima, umeme ni lazima, na taa ziwake saa kumi na nne au zaidi kwa siku ili aendelee kutaga. Kampuni ya umeme haikufuga kware hata mmoja, lakini nadhani ndiyo iliyofaidika.

Sasa tufike sokoni, mahali ambapo miongozo mingine hukuacha. Siku moja yule uliyemtarajia kununua mayai yako atakwambia kwamba naye ana trei kumi na tano anatafuta mteja. Usihuzunike. Panga mayai kwenye kikapu, vaa shati la mikono mirefu, nenda stendi ya matatu kwa kijana wa mayai boilo.

"Mwalimu, shikamoo. Umeamua kuuza mayai siku hizi?"

"Marahaba, kijana wangu. Haya si mayai hivi hivi. Ni ya kware. Nakuachia kwa shilingi kumi, wewe uuze ishirini."

Kijana analichukua moja, analigeuza, analitazama madoadoa yake kama anayesoma barua ya hospitali. "Mwalimu, nikimpasulia mtu hili na kulitia kachumbari, kachumbari italizidi. Ataniuliza lingine liko wapi."

"Mwambie ni dawa."

"Mwalimu, hapa mtu anakula akikimbilia gari. Mgonjwa hanunui yai stendi."

Hapo umepata utafiti wa soko bila malipo, na ungekuwa wa faida kubwa kama ungefanywa kabla ya mkopo. Kufikia hapo bei imeshaanza kutelemka: hamsini, ishirini, kumi, hadi watu wakatoa yai kwa shilingi tano na kushukuru. Supamaketi inataka yaliyofungwa kwenye boksi lenye nembo, itakulipa baadaye sana, na yasiyouzwa unarudishiwa. Jirani uliyekuwa unamuuzia sasa unampelekea bure, na wiki ya tatu anazima taa akisikia lango.

Ukifika hapo, iko hatua ya nyama. Kware mkubwa hana uzito wa kuzidi sana gramu 200 akiwa mzima, na ukishamnyonyoa na kumtoa matumbo, mtu mwenye njaa ya kawaida humaliza watatu akiuliza chakula kiko wapi. Kuwanyonyoa mia mbili ni kazi ya ukoo mzima. Waite wote, hata wale waliokukataza. Waambie ni sherehe. Kuna waliofungua milango ya vizimba usiku na kwenda kulala. Sikushauri hivyo, maana mwenye leseni anatakiwa kuwajibikia ndege wake, na isitoshe paka wa mtaa watakuja kwako kila jioni mwaka mzima wakitaka mgao.

Hatua ya mwisho ni kuuza mashine. Piga picha ukiwa umeifuta vumbi, uandike kwamba imetumika kidogo tu. Usitaje kwamba kuna matangazo mengine kumi yaliyoandikwa vivyo hivyo. Mnunuzi atakuja, ataifungua, ataona vile vishimo vidogo vya trei na kuuliza kama mayai ya kuku yanaingia. Hayaingii, itabidi abadilishe trei zote, na huo ni mlango mzuri wa kumpunguzia bei. Akikuuliza kwa nini unaiuza mashine nzima kama hii, huna haja ya uongo. Mwambie umehudhuria semina Jumamosi iliyopita, na sungura huzaa wenyewe.