Matumbawe Hufa kwa Kiherehere

Mfugaji wa matumbawe akikueleza kwa nini bahari yake ya sebuleni imekufa, atawashtaki nitrati, fosfeti, taa, aliyemuuzia samaki, na ikibidi hata shirika la umeme. Mkono wake mwenyewe hautaji. Mimi nashikilia kwamba huo ndio mshtakiwa namba moja, kwa kuwa katika tangi la maji ya chumvi maafa mengi huletwa na tiba kuliko maradhi. Maji yakiharibika kidogo, matumbawe huvumilia. Maji yakisahihishwa mara tatu kati ya chakula cha mchana na cha jioni, matumbawe hayana pa kukimbilia.

Kiherehere hicho kina asili yake. Mtu amesoma kwamba maji ya kwenye miamba ya bahari ya joto ni maskini, nitrati na fosfeti zikiwa karibu na sifuri, naye akala yamini kwamba tangi lake halitapungukiwa na umaskini huo. Alichokiruka ni kwamba maji yale maskini hayakai mahali pamoja. Katika miamba ya Chumbe au Kisite bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, ikileta planktoni na kuondoka na uchafu, na usiku matumbawe hunyoosha vijimkono vyao kudaka kinachopita. Mchana hulishwa kutoka ndani: mwani mdogo usioonekana kwa macho huishi ndani ya nyama yao na kuwatengenezea sukari kwa mwanga wa jua. Kwa hiyo sifuri ya majini haimaanishi sifuri ya tumboni. Ndani ya lita 200 zilizofungiwa baina ya vioo vinne, sifuri ni njaa tu. Matumbawe hupauka, na kwenye nafasi iliyobaki wazi huingia dinoflajelati, kamasi la kahawia lenye vipovu linaloteleza juu ya mawe na pengine kuua konokono. Cha kuchekesha ni kwamba kamasi hilo na ule mwani mwema wa ndani ya matumbawe ni ukoo mmoja. Mwenye tangi amemfukuza ndugu mpole kwa njaa, akamkaribisha jambazi.

Hapo ndipo tiba huanza. Maji yana njaa, basi yalishwe! Tufanye hesabu. Gramu 1 ya chakula kikavu chenye fosforasi ya asilimia 1 ina miligramu 10 za fosforasi, na zote zikigeuka fosfeti zinakuwa kama 31. Zigawe kwa lita 200 upate miligramu 0.15 kwa lita, mara kadhaa ya kiwango cha mwambani, na hiyo ni gramu moja tu, ambayo mtoto mwenye huruma huimwaga kwa mkupuo mmoja. Si yote hubaki majini, maana samaki na bakteria huchukua fungu lao, lakini kipimo kikipanda mwenye nyumba hashuki ngazi polepole, huruka. Huweka dawa ya kunyonya fosfeti, kisha huongeza pombe kali. Naam, vodka, kwa matone, na si uzushi: kaboni ya pombe hulisha bakteria, nao wakiongezeka hunyakua nitrati na fosfeti, halafu chombo cha kutoa povu huwatoa nje pamoja na mzigo wao. Mbinu hiyo hufanya kazi kwa mwenye subira. Kwa mwenye haraka, bakteria hufumuka usiku mmoja, maji huwa meupe, oksijeni huisha, na alfajiri samaki wako juu wakitweta. Katika nyumba ambayo haijawahi kuingia chupa, waliolewa ni bakteria na waliopata kichwa kizito ni samaki. Ni yule mpishi aliyezidisha chumvi, akaongeza maji, akaona mchuzi mwepesi, akaongeza unga.

Mtu atasema: vipimo vipo, havidanganyi. Vinadanganya kwa ukarimu. Kipimo cha nitrati cha matone hudai chupa moja itikiswe kwa nguvu kabla ya kutumika, maana unga wake hutuama chini. Asiyetikisa husoma sifuri na kushangilia. Kisha kuna ile kazi ya kulinganisha rangi na karatasi, ambapo mume aona waridi hafifu, mke aona waridi iliyokolea, na mjomba asiye na hisa yoyote aona chungwa. Juu ya ushahidi wa namna hiyo mtu humimina chokaa. Na chokaa ina kejeli yake pwani kwetu, ambako mababu walichoma matumbawe tanuruni wakapata chokaa ya kujengea nyumba za Lamu na Mji Mkongwe. Mfugaji wa leo huirudisha majini ili matumbawe yaote. Bahari ina kama miligramu 410 za kalisi kwa lita, na maji ya chokaa huirudishia tangi kalisi iliyotumika, ila ukali wake unapita 12 kwa kipimo cha pH, ilhali maji ya bahari yako karibu na 8.1. Yadondoke usiku, wakati pH hushuka kwa kuwa mwani haufanyi usanisinuru, na yatafaa. Yamwage kwa kikombe, na kalisi itaganda ikinyesha theluji ndani ya tangi, jambo ambalo sebule ya Mombasa haikuomba.

Hoja nzito zaidi ni kwamba amonia haingoji mtu atafakari. Kweli kabisa, na hapo mkono uwe mwepesi: punguza chakula, badilisha maji, toa kilichokufa. Wala sisemi matumbawe yaachwe yajilee, maana hula kalisi kila siku na lazima irudishwe. Nasema irudishwe kwa kiasi kilekile kila siku. Mkono mtulivu si jambo jipya: mfugaji Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza mwaka 1961 jinsi alivyofuga viumbe wa baharini kwa mawe yenye viumbe hai na viputo vya hewa. Utaniambia alikuwa na bahari karibu. Alikuwa nayo, lakini hakuwa na rafu ya chupa za kusahihishia.

Kuna kazi moja isiyosubiri wiki, nayo hukosewa kwa nia njema. Maji huwa mvuke, chumvi hubaki: lita 10 zikitoka katika lita 200 zenye gramu 35 kwa lita, chumvi inafika karibu gramu 37. Kinachotakiwa kurudi ni maji baridi yaliyochujwa, na anayeongeza ya chumvi kila juma anajenga Bahari ya Chumvi bila kwenda Yordani. Akimaliza hapo na vidole bado vinamwasha, kioo kina utando wa kijani, akikwangue.